Kisiwa Kisichoruhusu Watoto: Diego Garcia na Hoja ya Usalama

Weka kidole kwenye ramani pale Kisiju, pwani ya Mkuranga, kisha kisogeze mashariki bila kupanda wala kushuka. Kitapita kaskazini kidogo ya Mafia, kitapenya kati ya visiwa vya kusini vya Shelisheli, halafu ni maji, maji, maji. Baada ya zaidi ya kilomita 3,600 kitagota kwenye ukanda mwembamba wa matumbawe uliopinda kama alama ya unyayo. Hapo ndipo Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos, kundi la visiwa lililo katikati ya Bahari ya Hindi. Ni nchi ya minazi na mvua kama yetu, bahari ni ile ile inayopiga Kisiju, na jua linalochomoza kwetu limeshawapitia wao saa mbili na kitu.

Nchi kavu yake inakaribia kilomita za mraba 30 tu, na sehemu kubwa iko mita moja au mbili juu ya bahari. Juu ya kipande hicho cha ardhi Marekani imejenga njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 3,600, bandari, matangi ya mafuta, mitambo ya mawasiliano na darubini za kufuatilia vyombo vya angani. Kambi ni ya Marekani na Uingereza kwa pamoja, ingawa ukweli wa mambo ni kwamba mwenye nguvu pale ni Mmarekani. Uingereza ina watu kama 40 hivi wanaosimamia polisi, forodha na uhamiaji.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kurudisha mamlaka ya visiwa vyote vya Chagos kwa Morisi. Kwa mujibu wa mkataba huo kambi itaendelea kwa miaka 99, na Uingereza itailipa Morisi wastani wa pauni milioni 101 kila mwaka. Ndani ya mkataba huo kuna kifungu ambacho wengi wamekipita haraka: Morisi inaruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vingine vyote, isipokuwa Diego Garcia. Yaani hata baada ya bendera kubadilika, kisiwa chenye maji ya kutosha, bandari, umeme na ajira kitabaki kuwa cha kambi peke yake. Sababu inayotolewa ni usalama. Nataka kuipima sababu hiyo kwa haki, kwa sababu si ya kijinga, na kwa sababu imetumika kwa zaidi ya miaka 50 bila watu kuulizwa wanaiunga mkono au la.

Kwanza tuyaangalie maisha yenyewe ya askari pale. Anayepangiwa Diego Garcia kwa desturi hutumikia mwaka mmoja, na huenda peke yake. Mke au mume na watoto hubaki nyumbani. Analala bwenini, anakula kwenye bwalo, anakwenda kazini kwa baiskeli. Jioni kuna viwanja vya michezo, kuna kuvua kwa ndoano, kuna baa. Uhalifu ni mdogo sana, usiku nyota zinamwagika angani, na maji ya ndani ya pete ya kisiwa yana rangi ambayo watu hulipia fedha nyingi kwenda kuitazama kwingineko. Hakuna watalii. Mwenye mashua ya matanga anaweza kupewa kibali cha kutia nanga kwenye visiwa vya mbali vya Chagos, lakini si hapa.

Askari wengi waliopita pale husimulia kwa mapenzi, na siwalaumu. Mahali pakimya hufunga watu pamoja. Lakini sikiliza wanachokosa. Hakuna soko, hakuna mtaa wa kwenda kupunga upepo, hakuna mzee barazani, hakuna mlango wa kupiga hodi ukaitikiwa karibu. Mgonjwa mzito hawezi kutibiwa pale mpaka mwisho. Hupakiwa ndege akapelekwa mbali. Mtoto wako anaanza kutembea, nawe unaona kwenye kioo cha simu. Mzazi wako anafariki, na safari ya kufika kwenye maziko inapita mabara mawili. Hayo ni maumivu ya kweli, na baharia yeyote wa pwani yetu aliyewahi kuchukua mkataba wa meli za mbali anayaelewa bila kuelezwa.

Lakini wengi wanaoishi pale si wanajeshi hata kidogo. Idadi ya watu kisiwani hupanda na kushuka, hutajwa kati ya 2,500 na 4,000, na sehemu kubwa ni wafanyakazi wa kandarasi: Wafilipino, Wamorisi na wengineo. Ndio wapishi, mafundi umeme, madereva, wafuaji nguo, wapakiaji mizigo bandarini. Bila wao kambi haimalizi siku tatu. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloitikisa hoja ya usalama kuliko hotuba yoyote ya mwanasiasa.

Watetezi wa kambi wana mengi ya kusema, na wanastahili kusikilizwa. Kutoka Diego Garcia ndege za kudondosha mabomu za B-52 ziliruka katika vita vya Ghuba mwaka 1991, vita vya Afghanistan mwaka 2001 na vya Iraq mwaka 2003. Mwaka 2025, Marekani ilipokuwa ikiwashambulia Wahouthi wa Yemen, ndege sita za B-2 zilipelekwa pale. Ndani ya ghuba ya kisiwa hutia nanga meli zilizosheheni vifaru, risasi na vyakula, tayari kupelekwa popote pakizuka jambo. Kutoka pale kunafikika Ghuba ya Uajemi, pwani yetu na mlango wa Malaka, na hakuna nchi jirani inayoweza kuamka asubuhi ikasema leo hamrushi ndege. Kuna pia jambo dogo ambalo watu hulisahau: Diego Garcia ni miongoni mwa vituo vya ardhini vinavyofuatilia setilaiti za GPS. Kijana wa bodaboda Mombasa anayefuata mshale kwenye simu yake kumtafuta mteja, kwa kiasi fulani anatumia kazi ya kisiwa hicho.

Unaweza kuvipinga vita hivyo, kama ninavyovipinga vingi mimi, na bado ukakubali kwamba kituo hiki kina thamani kubwa kwa waliokijenga. Na Morisi yenyewe imesema kwa miaka mingi kwamba haina nia ya kuifukuza kambi. Kwa hiyo ugomvi wa leo si kambi iwepo au isiwepo. Ugomvi ni kama kambi inahitaji kisiwa kitupu.

Hoja ya kisiwa kitupu ina baba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpangaji mmoja wa jeshi la wanamaji la Marekani, Stuart Barber, aliona makoloni ya Afrika na Asia yanaelekea kupata uhuru. Akapiga hesabu kwamba kambi zilizo kwenye nchi zenye watu wengi zitakuja kufukuzwa na wananchi wake. Dawa, akasema, ni kutafuta visiwa vidogo, vya mbali, vyenye watu wachache sana, na kuvitenga mapema kabla makoloni hayajajitawala. Historia ilimpa haki kwa sehemu. Mwezi Septemba 1991 Seneti ya Ufilipino ilikataa mkataba mpya wa kambi, na mwaka uliofuata Wamarekani walifunga kambi yao kubwa ya Subic. Kule Okinawa, Japani, mwaka 1995, wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumnajisi msichana wa miaka 12, na makumi elfu ya watu wakajaa barabarani kwa hasira. Mtetezi wa kisiwa kitupu atakwambia: afadhali askari wakae mahali wasipoweza kumdhuru raia, na raia asipoweza kuwafukuza. Ukisikia kwa haraka, hata unaona ni huruma.

Shida ni kwamba Diego Garcia haikuwa tupu. Ilifanywa tupu.

Wafaransa walipoanzisha mashamba ya minazi huko mwishoni mwa karne ya 18, waliowapeleka kufanya kazi walikuwa watumwa kutoka Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Uingereza ilivichukua visiwa mwaka 1814. Utumwa ulipokwisha watu walibaki, wakazaliana, wakawa na lugha yao ya krioli, makanisa yao, makaburi yao na bustani zao. Kazi ilikuwa mbata. Mtu aliyelelewa Mafia, Tanga au Lamu anaijua kazi hii mikononi mwake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anafua nazi kwenye kifuo tangu alfajiri, makumbi yamemzunguka mpaka kiunoni, halafu nazi zinapasuliwa, zinaanikwa, moshi wa vifuu unajaa uwanja mzima. Nikisoma jinsi wanawake wa Chagos walivyokaa makundi kwa makundi wakitoa nyama ya nazi kwenye vifuu huku wakizungumza na kuimba, sioni watu wa mbali. Naona ua wa bibi.

Tarehe 8 Novemba 1965, miaka miwili na ushei kabla ya Morisi kupata uhuru, Uingereza ilikimega kipande hicho kutoka koloni lake la Morisi na kukifanya koloni jipya. Morisi ilipewa pauni milioni 3. Mwaka uliofuata ukaja mkataba na Marekani wa miaka 50, na pembeni yake punguzo la siri la dola milioni 14 kwenye bei ya makombora ya Polaris. Mwaka huo huo wa 1966 ofisa mwandamizi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, Denis Greenhill, aliandika kwa mkono wake kwamba visiwani kuna akina Tarzan wachache, yule mtu wa porini wa kwenye filamu, ambao asili yao haijulikani. Wao walikuwa wanajua asili yao vizuri. Wengine walikuwa kizazi cha nne na cha tano cha waliozaliwa pale.

Mwaka 1971 mafundi wa jeshi la wanamaji la Marekani walianza kujenga, na wenyeji wakaambiwa waondoke. Kabla ya watu, walianza na mbwa. Amri ilitoka kwa kamishna wa Uingereza, Bruce Greatbatch. Mbwa wa wenyeji walivutwa kwa nyama mpaka ndani ya nyumba ya kukaushia mbata, milango ikafungwa, na moshi wa magari ya jeshi ukaingizwa kwa mabomba. Wenye mbwa walikuwa nje, wanasikia. Nimesoma mengi kuhusu kisiwa hiki, lakini hapo ndipo mahali ninapolazimika kuweka kitabu chini. Nyumba iliyowalisha, iliyokausha mbata zao kwa vizazi, ndiyo iliyotumika kuwaonyesha kwamba hawana chao tena.

Watu walipakiwa kwenye meli iliyoitwa Nordvaer, wakapelekwa kwanza Peros Banhos na Salomon, visiwa vingine vya Chagos, na kufikia mwaka 1973 wote wakawa wametupwa Morisi na Shelisheli. Kati ya watu 1,500 na 2,000 hivi walipoteza makazi yao. Walishuka bandarini Port Louis bila nyumba, bila kazi, wana ujuzi wa mbata kwenye mji wa miwa. Serikali ya Morisi ilipewa pauni 650,000 kwa ajili yao mwaka 1972. Fedha hizo ziliwafikia wenyewe miaka mitano na zaidi baadaye. Katika krioli yao wana neno sagren, huzuni inayomla mtu taratibu mpaka inamwondoa. Wanasema wazee wao walikufa kwa sagren. Sisi tungesema jakamoyo, lakini neno lao ni zito zaidi, kwa sababu linataja pia chanzo: kung'olewa.

Sasa tuirudie hoja ya usalama tukiwa na picha yote. Kusudio la Barber lilikuwa kuinusuru kambi na misukosuko ya siasa. Je, ilinusurika? Mwaka 2000 Olivier Bancoult, aliyezaliwa Peros Banhos, aliishinda serikali ya Uingereza mahakamani London katika kesi ya haki ya kurudi. Mwaka 2004 serikali ikapitisha amri ya kifalme kumfungia tena mlango, na mwaka 2008 majaji wa ngazi ya juu kabisa wakaikubali amri hiyo kwa kura 3 dhidi ya 2. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Haki ya Kimataifa, chini ya urais wa jaji Msomali Abdulqawi Ahmed Yusuf, ilisema kwa majaji 13 dhidi ya mmoja kwamba Chagos ilimegwa kinyume cha sheria na kwamba Uingereza inapaswa kuondoka haraka. Miezi mitatu baadaye nchi 116 zikapiga kura Umoja wa Mataifa kuunga mkono, 6 tu zikapinga. Umoja wa Afrika ulisimama mbele ya majaji hao kuitetea Morisi.

Ni kweli kwamba kesi ya 2019 ilihusu kumegwa kwa ardhi, na suala la watu kurudi mahakama ililiachia Baraza Kuu kama suala la haki za binadamu. Lakini kumega na kufukuza vilitoka kwenye mpango mmoja na meza moja. Kilichoitia kambi misukosuko miaka yote hii hakikuwa wenyeji waliobaki. Ni wenyeji walioondolewa. Kama wangeachwa wakae upande wao wa kisiwa, wakauza samaki na kufua nguo na kuendesha matrekta kambini, leo nani angekuwa na habari za Diego Garcia?

Na Barber mwenyewe aliliona hilo. Mwaka 1991, akiwa mzee, aliandika barua kwa wakubwa na kwa magazeti akisema wenyeji walitendewa unyama usio na udhuru, na kwamba hapakuwa na sababu ya kweli ya kijeshi ya kuwaondoa. Mtu aliyebuni hoja ya kisiwa kitupu aliikana kabla ya kufa. Nashangaa kwamba wanaoirudia hoja yake leo hawamtaji kabisa.

Halafu kuna Guam. Kisiwa hicho cha Pasifiki kina kambi ya anga ya Andersen, zinakotua B-52 hizo hizo na B-2 hizo hizo. Kina pia zaidi ya watu 150,000, shule, makanisa, masoko na Wachamoro ambao kisiwa ni chao. Kuna manung'uniko Guam, tena mengi ya haki, kuhusu ardhi na kelele na uchafuzi. Lakini hakuna anayesema kambi haiwezi kufanya kazi kwa kuwa upande wa pili kuna bibi anatwanga. Ikiwa ulinzi unawezekana Guam, mbele ya China, kwa nini usiwezekane mbele ya familia mia chache zinazotaka kurudi makaburini kwao?

Mtetezi atajibu kwamba wafanyakazi wa kandarasi wanachunguzwa, wanapewa mikataba, na mkataba ukiisha wanaondoka, mwenyeji hafukuziki. Naikubali tofauti hiyo, na ndiyo hoja yao yenye uzito kuliko zote. Lakini tazama inakubali nini: tatizo si macho ya raia kuiona ndege. Maelfu ya raia wa kigeni wanaiona kila siku wakiwa wanapika ubwabwa. Tatizo ni mtu mwenye haki ya kubaki. Hiyo si hoja ya usalama wa ndege. Ni hoja ya kutotaka mtu wa kuulizwa.

Na kisiwa kimeshapata watoto, bila mtu kupanga. Mwezi Oktoba 2021 mashua ya Watamil waliokimbia Sri Lanka ilipata hitilafu baharini, wakaokolewa na kushushwa Diego Garcia. Walikuwa 89, wakiwemo watoto. Wakawekwa kwenye mahema yaliyozungushiwa uzio, panya wanaingia, watu wanakata tamaa mpaka wengine wanajidhuru. Wengi wao waliishi hivyo miaka mitatu, hadi Desemba 2024 walipopelekwa Uingereza, na mwezi huo huo mahakama ya eneo hilo ikaamua kwamba walikuwa wamezuiliwa kinyume cha sheria. Katika miaka yote hiyo mitatu kambi haikufungwa. Ndege ziliruka, meli zilitia nanga, GPS haikuyumba. Maofisa wa Marekani hawakupenda, na mwaka 2024 walizuia kwa muda mawakili, jaji na waandishi wa habari kufika kwa sababu za usalama, lakini kesi ilikuja kusikilizwa kisiwani hapo hapo. Familia zenye watoto, bila hatia na bila ridhaa yao, zilithibitisha kile ambacho wataalamu walisema hakiwezekani.

Kuna hoja ya pili inayotolewa kwa sauti laini zaidi: mazingira. Matumbawe ya Chagos ni miongoni mwa yaliyo salama zaidi duniani, kasa wanataga, na kaa wakubwa wapandao minazi, wale tunaowaona Chumbe, wamejaa tele. Mtu akisema utulivu wa kijeshi umewalinda viumbe hawa, hadanganyi. Lakini mwaka 2010 Uingereza ilipotangaza hifadhi ya kilomita za mraba 640,000, waraka wa ubalozi wa Marekani uliovuja ulionyesha ofisa wa Uingereza akiwaeleza Wamarekani kwamba hifadhi hiyo itawawia vigumu sana wenyeji kudai kurudi. Mwaka 2015 jopo la usuluhishi likaamua hifadhi ilitangazwa bila kuheshimu haki za Morisi. Na tusisahau kwamba njia ya ndege na bandari zenyewe zilijengwa kwa kuchimba na kulipua matumbawe. Watu walioishi na kasa wale kwa karibu karne mbili hawawezi kuambiwa kwamba wao ndio hatari.

Gharama je? Mwezi Novemba 2016 Uingereza ilikataa wenyeji kurudi kwa kutaja mambo matatu: ugumu wa kuishi, ulinzi, na gharama kwa walipa kodi. Badala yake iliahidi pauni milioni 40 za kuwasaidia huko waliko. Wenye kusema ni ghali wana haki ya kuhesabu: shule, zahanati, meli ya mara kwa mara kwenye visiwa vya nje visivyo na chochote. Hapo ndipo ninapoona kifungu cha mkataba wa 2025 kinajipinga. Mahali ambapo kurudi kungekuwa rahisi kuliko kote, penye umeme tayari, penye kazi maelfu zinazotafutiwa watu kutoka Manila, ndipo pamefungwa. Wanaruhusiwa Peros Banhos na Salomon, ambako miti imeshaota ndani ya nyumba, na watakuja kuambiwa kwamba wameshindwa wenyewe.

Nisiwafanye Wachagos kuwa kinywa kimoja. Waliopo Crawley, kusini ya London, wengi hawaitaki Morisi kabisa. Wanakumbuka matusi waliyopata Port Louis na wanaona wameuzwa mara ya pili bila kuulizwa. Asubuhi ya siku mkataba uliposainiwa, wanawake wawili wazaliwa wa Diego Garcia walipata amri ya mahakama kuusimamisha kwa saa kadhaa. Kundi la Bancoult, kwa upande wake, limeuunga mkono kama hatua. Wapo wazee wanaotaka kuzikwa kwao na wapo wajukuu wanaotaka tu pasi ya kusafiria na nafasi ya kwenda kuona. Kurudi kwa kweli huenda kukawa kwa watu wachache. Kwa nini basi kuwaogopa wachache hao?

Nao askari wanapata nini kwenye utupu huu? Nimefikiri sana jambo hili. Wanapewa mwaka wa upweke kwenye kisiwa ambacho ukimya wake haukutoka kwa Mungu. Punda wanaoonekana wakirandaranda ni wa mashamba ya mbata, walioachwa wenyewe wao walipopakiwa melini. Kijana wa miaka 20 kutoka Ohio hakuyafanya haya na hastahili kutukanwa kwa ajili yake. Lakini kijiji upande wa pili wa ghuba, chenye kanisa la Jumapili na mama wa kuuza samaki wa kukaanga, kingemfaa hata yeye. Usalama wake mwenyewe, wa akili na wa heshima ya kazi yake, usingepungua.

Upande wa mashariki wa kisiwa, mahali panapoitwa East Point, nyumba ya msimamizi wa shamba bado imesimama, kanisa lipo, na makaburi yapo chini ya minazi. Mwaka 2006 kundi la kwanza la wenyeji wapatao 100 liliruhusiwa kuzuru visiwa vyao, na wengine wamepelekwa vikundi vikundi tangu hapo. Wanashuka, wengine wakiwa wamebebwa mkono kwa mkono kwa uzee. Wanang'oa nyasi makaburini, wanafuta moshi wa mishumaa ya mwaka uliopita, wanasali. Wanachukua mchanga kidogo kwenye chupa. Kisha ratiba inasema muda umekwisha, wanarudi melini, na jioni hiyo zamu mpya ya wapishi kutoka Manila inaingia jikoni kambini, umbali usiozidi wa kuendesha gari saa moja.

Mkataba una miaka 99. Kifungu kile kimoja kinaweza kuandikwa upya katika alasiri moja, pande mbili zikikubaliana, na ndicho ambacho wabunge wa Port Louis, London na Washington wanapaswa kuulizwa kila wanapotaja usalama: usalama dhidi ya nani, kati ya hao wanaong'oa nyasi pale East Point?